Swali Lililokataliwa: Bi Joan Ringelheim na Historia ya Wanawake katika Maangamizi ya Wayahudi

Katika makala haya tumekusudia kuwaeleza wasomaji wetu kazi ya mwanazuoni mmoja wa Marekani, Bi Joan Ringelheim, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliuliza swali lililoonekana dogo, kumbe likawaudhi watu wengi, miongoni mwao watu wema na wenye elimu. Swali lenyewe lilikuwa hili: je, wanawake wa Kiyahudi waliyapata Maangamizi kwa namna ile ile waliyoyapata wanaume?

Huenda msomaji akatuuliza mara moja, "Jambo hili la Ulaya latuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili?" Twamwomba atuvumilie kidogo. Sisi tunaofundisha katika nchi za Maziwa Makuu tunaishi na watu wenye kumbukumbu nzito. Wanafunzi wetu wengi ni watoto na wajukuu wa watu walioona mambo ambayo hata leo hawajayasema. Isitoshe, kazi yetu ni maneno, na kama tutakavyoona mbele, shida kubwa katika habari hizi zote ilikuwa ni maneno: nani aruhusiwe kusema, aseme nini, na kwa neno gani.

I. Maneno yenyewe

Mwalimu wa lugha huanzia kwenye maneno, nasi na tuanzie hapo. Mateso ya Wayahudi chini ya utawala wa Wanazi yalianza Ujerumani mwaka 1933, yakaishia katika mauaji ya miaka 1941 hadi 1945, ambamo Wayahudi wapatao milioni 6 wa Ulaya waliuawa. Kwa Kiswahili tumezoea kuyaita Maangamizi Makuu, au Maangamizi tu. Neno hili lina mafunzo ndani yake. Kuna kuangamia, ambako kwaweza kuletwa na gharika au njaa. Na kuna kuangamiza, ambako hakukosi mtendaji. Maangamizi yametokana na kitenzi cha pili. Hayakuwa msiba uliowashukia watu kutoka mbinguni; yalikuwa kazi ya mikono ya watu wengine, wenye ofisi, orodha na ratiba za treni.

Uhalifu wa namna hii ulipata jina la kimataifa mwaka 1944, pale mwanasheria Raphael Lemkin alipounga neno la Kiyunani lenye maana ya kabila au kizazi na neno la Kilatini lenye maana ya kuua. Sisi twasema mauaji ya kimbari. Mbari ni ukoo, watu waliofungamana kwa kuzaliwa. Msomaji na alishike neno hilo la kuzaliwa, kwa kuwa tutalirudia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa tarehe 9 Desemba 1948 ulihesabu miongoni mwa matendo ya uhalifu huu hatua zenye nia ya kuzuia uzazi katika kundi la watu. Anayekusudia kufuta mbari hawezi kuwasahau wanawake, maana hao ndio wazaao mbari hiyo.

Neno la mwisho ni jinsia. Zamani tulilitumia kwa maumbile ya kiume na ya kike tu. Siku hizi wataalamu hulitumia pia kwa yale ambayo jamii humtwika mtu kwa sababu ni mwanamume au ni mwanamke: kazi, mavazi, heshima, na aibu. Katika habari tutakazosimulia, aibu ndiyo iliyokuwa mzigo mzito kuliko yote.

II. Waliouliza mapema

Si kweli kwamba kabla ya miaka ya 1980 hapakuwa na mtu aliyefikiri juu ya wanawake. Ndani ya geto la Warszawa, lililofungwa kwa ukuta mwezi wa Novemba 1940, mwanahistoria Emanuel Ringelblum aliongoza kikundi cha siri kilichokusanya habari za maisha ya Wayahudi: shajara, matangazo, kadi za chakula, insha za watoto, tarakimu za vifo. Ringelblum alitaka uchunguzi maalumu juu ya wanawake, akampa kazi hiyo Bi Cecylia Ślepak, mwandishi na mfasiri. Tangu mwishoni mwa mwaka 1941 hadi miezi ya kwanza ya 1942, Bi Ślepak aliwahoji wanawake 16 wa tabaka mbalimbali: wafanyabiashara, mafundi, wapishi, wake ambao waume zao walikuwa wametoweka. Aliandika jinsi kila mmoja alivyopata mkate wa siku, na alivyolazimika kupima upya ya halali na ya haramu ili watoto wake waishi. Hakuwasifu wala hakuwalaumu. Katika majira ya joto ya 1942 yeye mwenyewe alichukuliwa katika treni za kwenda Treblinka, na hakurudi.

Karatasi za kikundi hicho zilifukiwa ardhini. Sehemu ya kwanza ilifukuliwa mwezi wa Septemba 1946, katika masanduku 10 ya bati. Ya pili ilipatikana Desemba 1950, ndani ya makopo mawili makubwa ya maziwa. Ya tatu haijaonekana. Ringelblum aliuawa mwezi wa Machi 1944. Katika watu kadhaa wa kikundi hicho waliosalia ni watatu tu, na mmoja wao ni Bi Rachel Auerbach, aliyekuwa msimamizi wa jiko la supu katika geto. Baada ya vita alihamia Israeli, na tangu mwaka 1954 akaongoza idara ya ushuhuda katika taasisi ya Yad Vashem mjini Jerusalem. Alishikilia kwamba sauti za walionusurika ni hati za historia kama zilivyo hati za ofisi.

Lakini wanahistoria wengi wa wakati huo hawakukubali. Kitabu kikubwa cha Raul Hilberg juu ya kuangamizwa kwa Wayahudi wa Ulaya, kilichotoka mwaka 1961, kilijengwa juu ya hati za Wajerumani wenyewe. Ni kazi ya kuheshimiwa, na mpaka leo haikwepeki. Hata hivyo, hati za muuaji husema yale aliyotaka kuyaandika muuaji: idadi, gharama, tarehe. Hazisemi mama alifanya nini usiku ule. Mwaka huo huo wa 1961 kesi ya Adolf Eichmann mjini Jerusalem iliwasimamisha mashahidi zaidi ya 100, na dunia ikaanza kuwasikiliza walionusurika. Walisikilizwa kama Wayahudi. Swali la mwanamke na mwanamume halikuulizwa.

III. Swali laulizwa

Bi Ringelheim alikuwa mwanafalsafa kwa mafunzo yake. Alianza kuwahoji wanawake walionusurika, na mwezi wa Machi 1983, pamoja na mwanahistoria Esther Katz, aliandaa mkutano juu ya wanawake walionusurika Maangamizi katika chuo cha Stern, mjini New York. Wanawake waliokuwa katika makambi, na wale waliokuwa wamejificha, walikaa pamoja na wasomi, wakazungumza juu ya hedhi iliyokatika kwa njaa, juu ya mimba, juu ya kunyolewa nywele na kuvuliwa nguo mbele ya askari. Mambo haya yote yalijulikana na kila aliyeyapitia. Hayakuwa yamepata nafasi katika vitabu vya historia.

Upinzani haukukawia. Mwandishi mashuhuri wa riwaya, Bi Cynthia Ozick, alimwandikia Bi Ringelheim barua ya kumwambia kwamba swali lake si sahihi, na kwamba ni swali lenye madhara kimaadili. Hoja yake kwa muhtasari ilikuwa kwamba Wanazi hawakuwaua wanaume, wanawake na watoto, waliwaua Wayahudi. Kuwatenga wanawake ni kuigawanya maiti ya umma mmoja. Wengine walichelea kwamba historia ya marehemu itageuzwa kuwa chombo cha siasa za siku hizi za haki za wanawake. Bi Ringelheim hakuificha barua ile. Aliitaja mwenyewe katika maandishi yake, ili msomaji apime.

Nasi tukipima, hatuna budi kukiri kwamba hoja ya Bi Ozick si ya kupuuzwa. Mwisho wa safari ulikuwa mmoja kwa wote. Lakini njia za kuufikia mwisho huo hazikuwa moja, na wanahistoria waliofuata wameonyesha jambo hili kwa mifano ambayo haina ubishi. Tutaje michache.

Kwanza, kabla ya vita. Katika ghasia za Novemba 1938 nchini Ujerumani, wanaume wa Kiyahudi wapatao 30,000 walikamatwa na kutiwa makambini. Wake zao ndio waliozunguka katika ofisi za polisi na za ubalozi, wakiuza mali na kutafuta vibali ili waume zao waachiliwe. Mwanahistoria Marion Kaplan, katika kitabu chake cha 1998 juu ya maisha ya Wayahudi katika Ujerumani ya Wanazi, ameeleza kwamba mara nyingi wanawake ndio waliotangulia kutaka kuhama. Walikuwa sokoni, shuleni kwa watoto na kwa majirani, wakaona mapema jinsi salamu zilivyokatika. Wanaume walifungwa na kazi zao, na wengine na nishani zao za vita vya 1914 hadi 1918.

Pili, katika mauaji yenyewe. Vikosi vya Wanazi vilivyoingia Urusi mwezi wa Juni 1941 vilianza kwa kuwapiga risasi hasa wanaume. Ilipofika mwezi wa Agosti vilikuwa vikiwaua na wanawake na watoto. Kwa hiyo familia nyingi ziliwaficha wanaume kwanza, zikidhani kwamba mwanamke na mtoto hawataguswa. Dhana hii, iliyotokana na ubinadamu wa kawaida, ndiyo iliyowaangamiza wengi.

Tatu, kwenye kituo cha treni cha Auschwitz-Birkenau. Hapo watu waligawanywa katika safu mbili, na mwanamke mwenye mtoto mdogo mkononi alipelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi, hata akiwa kijana mwenye nguvu za kazi. Baba alikuwa amekwisha tenganishwa nao. Umama wenyewe ulikuwa hukumu ya kifo.

Nne, katika kujificha. Mwanamume wa Kiyahudi aliweza kutambulika kwa tohara yake, kwani Wakristo wengi wa Poland hawakutahiriwa. Mwanamke hakuwa na alama hiyo. Ndiyo sababu wajumbe wa siri waliopita baina ya mageto, wakibeba habari, fedha na silaha, walikuwa hasa wasichana.

Mwaka 1998 Bi Dalia Ofer wa Israeli na Bi Lenore Weitzman wa Marekani walihariri mkusanyo wa makala juu ya wanawake katika Maangamizi, uliotokana na mkutano wa Jerusalem wa 1995. Mwaka huo huo, katika jarida la Commentary la New York, taaluma hii ilishambuliwa vikali. Hata hivyo mambo yalikuwa yamekwisha geuka. Hilberg mwenyewe, katika kitabu chake cha 1992, aliweka sura juu ya wanaume na wanawake, akakubali kwamba njia ya kwenda mautini ilikuwa na mambo yaliyowapata wanaume kwa uanaume wao na wanawake kwa uanamke wao.

IV. Mwanazuoni ajihukumu mwenyewe

Tunafika sasa katika sehemu ya habari hii ambayo kwetu sisi ina thamani kubwa kuliko zote. Katika maandishi yake ya mwanzo Bi Ringelheim aliona kwamba wanawake makambini walisaidiana kwa namna ya pekee. Waligawana mkate, walifundishana mapishi kwa maneno matupu ili kuidanganya njaa, na wasio ndugu walifanyana dada na mama. Aliandika hayo kwa furaha, na wasomaji walifurahi naye. Ilikuwa kana kwamba katikati ya giza imeonekana taa, na taa hiyo inashikwa na wanawake.

Kisha, mwaka 1985, akiwa bado anasifiwa kwa kazi hiyo, alichapisha makala nyingine ya kuihoji. Alijiuliza: nimetafuta ukweli, au nimetafuta faraja? Ikiwa tunasema kwamba mateso yaliwafanya wanawake kuwa wema zaidi, je, hatusemi kwamba mateso ni mwalimu mwema? Alikumbusha kwamba kusaidiana huko kulikuwa na mipaka: mara nyingi kulihusu kundi dogo, na aliyekuwa nje ya kundi alibaki nje. Tena waliosimulia ni waliopona. Waliokufa nao walikuwa na dada na marafiki, na urafiki wao haukuifunga milango ya gesi. Kuupamba udhalimu ili tupate cha kusifu ni kuwadhulumu marehemu mara ya pili.

Si watu wengi wenye ujasiri wa namna hii. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Huyu aliliona, akaliandika katika jarida lile lile lililosomwa na wenzake. Tunawaomba walimu vijana walizingatie jambo hili. Mara ngapi tumekaa na mzee, tukamsikiliza, kisha tukaandika yale tuliyotaka kuyasikia? Mara ngapi tumewaambia wanafunzi kwamba dhiki humjenga mtu, mbele ya mtoto ambaye dhiki haikumjengea chochote?

V. Jambo lililonyamaziwa

Katika mahojiano ya miaka ile ya mwanzo, mwanamke mmoja alimwambia Bi Ringelheim jambo ambalo hakuwa amewaambia mumewe, binti yake, wala pacha wake. Alipokuwa msichana mdogo amefichwa katika nyumba ya watu, wanaume wa ukoo wa wale waliomficha walimtenda vibaya kimwili, wakamtisha kwamba akisema atatolewa kwa Wajerumani. Hofu ile, alisema, iliweza kulingana na hofu ya Wajerumani wenyewe. Kisha akauliza kama jambo hilo lina uzito wowote likiwekwa kando ya geto lililoungua na jamaa waliokufa.

Swali la mama huyu ndilo lililokaa katika moyo wa kazi ya Bi Ringelheim, naye akalifafanua katika makala yake katika mkusanyo wa 1998. Alionyesha kwamba baina ya habari za Maangamizi na habari za jinsia palikuwa na ufa. Upande mmoja yaliwekwa mambo yaliyohesabiwa kuwa historia: geto, treni, kambi. Upande wa pili yalitupwa mambo yaliyohesabiwa kuwa ya faragha. Shahidi mwenyewe alikuwa ameupokea ufa huo ndani ya nafsi yake, hata akaona kwamba mateso yake hayastahili kutajwa. Wala aliyemtesa hakuwa Mnazi. Alikuwa jamaa ya watu waliookoa maisha yake. Hadithi za namna hii hazina pa kuwekwa katika masimulizi yaliyonyooka ya wema na waovu. Mwaka 2010 ndipo kilipotoka kitabu cha makala kilichohaririwa na Sonja Hedgepeth na Rochelle Saidel kikishughulikia kwa ukamilifu ukatili wa kingono dhidi ya wanawake wa Kiyahudi wakati wa Maangamizi. Ilikuwa imepita miaka 65 tangu vita kwisha.

Bi Ringelheim aliendelea na kazi yake katika Jumba la Makumbusho ya Maangamizi mjini Washington, lililofunguliwa mwezi wa Aprili 1993, ambako aliongoza idara ya historia simulizi. Huko msikilizaji mmoja aligeuka kuwa idara nzima ya wasikilizaji.

VI. Kumbukumbu na hesabu

Wasomaji wetu wanaofundisha historia watauliza: je, kumbukumbu ya mtu yaweza kuaminiwa? Jibu zuri limo katika kisa alichokiandika daktari Dori Laub, mmoja wa waanzilishi wa mradi wa kurekodi ushuhuda mjini New Haven mwaka 1979. Mwanamke mmoja alisimulia uasi wa wafungwa wa Auschwitz wa tarehe 7 Oktoba 1944, akasema aliona mabomba manne ya moshi yakilipuka. Wanahistoria walipoutazama ushuhuda huo walisema haufai, kwa kuwa tanuri lililoharibiwa lilikuwa moja. Dk. Laub aliwajibu kwamba mama yule hakuwa akishuhudia idadi ya mabomba. Alishuhudia jambo lisilowazika, yaani kwamba Auschwitz ilipasuka, na kwamba Wayahudi walishika silaha mahali pale.

Twaongeza kwamba baruti iliyotumika siku ile iliibwa kidogo kidogo na wasichana wa Kiyahudi waliofanya kazi katika kiwanda cha silaha karibu na kambi. Wanne kati ya waliohusika, Róza Robota, Ala Gertner, Estusia Wajcblum na Regina Safirsztajn, walinyongwa mwezi wa Januari 1945, majuma machache tu kabla ya kambi kukombolewa. Kwa hiyo mwanahistoria anayehesabu mabomba na mwanamke anayekumbuka moto wanahitajiana. Mmoja bila ya mwenziwe hutupa nusu ya ukweli.

Kumbukumbu, tena, haimaliziki kwa aliyeipata. Bi Marianne Hirsch, aliyezaliwa Timișoara, Romania, mwaka 1949, wa wazazi kutoka mji wa Czernowitz, alianza kuandika mwanzoni mwa miaka ya 1990 juu ya watoto ambao maisha yao yametawaliwa na mambo yaliyotokea kabla hawajazaliwa. Sisi twaweza kuiita kumbukumbu ya urithi. Mtoto huipokea kwa picha iliyo ukutani, kwa hadithi iliyokatizwa katikati, kwa kimya cha chakula cha jioni. Pamoja na mumewe, Leo Spitzer, ambaye kazi zake za awali zilihusu historia ya Wakrio wa Sierra Leone, waliandika kitabu juu ya Czernowitz kilichotoka mwaka 2010. Hawakudai kwamba mtoto anakumbuka kama mzazi. Walisema kwamba anabeba, na kwamba mbebaji ana haki ya kujua amebeba nini.

VII. Neno lililofika Arusha

Kuanzia Aprili hadi Julai 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalitekelezwa nchini Rwanda. Mwezi wa Novemba mwaka huo Baraza la Usalama liliunda mahakama ya kimataifa, nayo ikakaa Arusha. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa burugumesta wa komuni ya Taba, aliposhtakiwa, hati ya mashtaka haikuwa na neno juu ya kubakwa kwa wanawake. Kisha shahidi mmoja, mama, akieleza mambo mengine, alitaja kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanaume watatu. Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee katika jopo lile la majaji watatu, aliuliza maswali zaidi. Mashahidi wengine wakafuata. Na mwezi wa Juni 1997 hati ya mashtaka ikabadilishwa. Hukumu ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ya kwanza kutamka kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji hayo.

Ndani ya hukumu hiyo kuna kurasa ambazo kila mwalimu wa lugha angepaswa kuzijua. Mashahidi walisema Kinyarwanda, na hawakutumia neno moja. Walisema gusambanya, kurungora, kuryamana, gufata ku ngufu. La tatu maana yake ni kulala pamoja; la nne ni kushika kwa nguvu, na msikilizaji wa Kiswahili hulielewa bila mkalimani. Majaji hawakuridhika na tafsiri ya haraka. Waliwauliza wakalimani wao rasmi maana ya kila neno na namna mwanamke mwenye haya analivyolitumia, wakaandika maelezo hayo katika hukumu. Waliona kwamba mama aliyesema "kulala pamoja" huenda hakuwa akieleza mapenzi. Alikuwa akitumia neno la adabu kwa jambo lisilo na adabu.

Hapa swali lile lililokataliwa lilipata jibu la kisheria, karibu na nyumbani kwetu. Mahakama haikusema kwamba wanawake wa Taba waliteswa kama wanawake badala ya kuteswa kama Watutsi. Ilisema kwamba waliteswa kwa namna ile kwa sababu walikuwa wanawake wa Kitutsi, na kwamba lengo la kuwatesa lilikuwa kuiangamiza jamii yao. Mambo mawili yaliyodhaniwa kupingana yalionekana kuwa jambo moja.

VIII. Wajibu wetu

Tuna lugha yenye utajiri mkubwa wa tafsida. Twawafundisha wanafunzi wetu kwamba kusitiri ni adabu, na ni kweli. Lakini tumeona kwamba sitara hiyo hiyo yaweza kumfunga shahidi kinywa, au kumfanya msikilizaji asimwelewe. Haitupasi kuitupa tafsida. Yatupasa kumfundisha mwanafunzi kuisoma. Anayesoma "alimwingilia", "alimharibu", "alimvunjia heshima", ajue kuuliza: nani alimtenda nani, na je, kulikuwa na ridhaa? Maneno ya namna hii humtaja mwanamke kama kitu kilichoharibika, na humwacha mtendaji akitembea huru katika sentensi.

Pili, tunapowatuma wanafunzi kukusanya historia simulizi vijijini, tuwafunze kumsikiliza bibi kama wanavyomsikiliza babu, na kutoandika neno kabla ya kupewa ruhusa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Asiyetaka kusema ana haki ya kunyamaza, na si kazi ya mwanafunzi wa kidato cha tatu kukifumua kidonda asichoweza kukifunga. Lakini anayetaka kusema asiambiwe kwamba habari yake ni ndogo.

Tatu, tujihoji wenyewe kama Bi Ringelheim alivyojihoji. Tusiwafanye wahenga wetu wala mama zetu kuwa malaika ili masomo yetu yapendeze.

Tungependa wasomaji walio na uzoefu wa kukusanya masimulizi ya namna hii katika shule zao watuandikie, watueleze ni maneno gani waliyoyakuta yakitumika katika sehemu zao kwa mambo yasiyosemeka, na wameyafafanuaje darasani. Orodha ya maneno hayo, ikikusanywa kwa uangalifu na bila kutaja jina la mtu, ingewafaa wakalimani na makarani wa mahakama, na ingemfaa zaidi mama yeyote atakayesimama siku moja kusema yaliyompata, akiwa na hofu kwamba hataeleweka.